Goti la Edouard na Kinga ya Karavia

Agnès Kalaba alikuwa mwanamke wa kuuliza. Ruashi, kitongoji cha nje ya mji, katikati ya miaka ya hamsini ilikuwa bado mpya. Barabara zake nyekundu zilikuwa zimetoka kuchorwa juzi tu, karibu kila mtu alikuwa anajijengea nyumba yake, na katika mtaa wao watu waliyajua maswali ya Agnès kabla ya kulijua jina lake. Akinunua kufuli, atataka kuona ulimi wake unarudije ndani. Akipewa dawa, atauliza inapita njia gani mpaka ikifikie kichwa kinachouma. Pale foyer social, nyumba ambamo akina mama walifundishwa kushona, alikuwa ameshawahi kuifungua cherehani bila ruhusa ili aone uzi unashikwaje chini, kisha akairudisha yote, ila skrubu moja ikabaki kiganjani. Cherehani ilishona kama kawaida. Jambo hilo lilimsumbua kuliko kama ingekataa.

Mumewe, baba wa binti yao mdogo Claudine, aliitwa Edouard Numbi. Watu wake walitoka kaskazini, upande wa Kabalo. Baba yake aliteremka kusini pamoja na reli, akilaza mataruma, na Edouard alizaliwa akisikia treni. Mwenyewe alikuwa serre-frein, yaani mtu anayesafiri juu ya mabehewa ya mizigo na kuzungusha gurudumu la breki treni inapoteremka mlima. Ni kazi ya miguu: kupanda, kuruka, kushuka kabla chuma hakijasimama. Edouard aliipenda, na alipoisimulia alitembeza mabega yake kana kwamba bado yuko njiani.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Asubuhi moja, kwenye kituo kidogo, alishuka kutoka kwenye behewa kama alivyoshuka siku zote, akakanyaga jiwe lililolowa. Mguu uliteleza ukanasa kwenye taruma, huku mwili wake bado unakwenda mbele. Mfupa ulivunjika chini kidogo ya goti.

Walimfunga plasta mjini, akakaa nayo mpaka mvua zikakatika. Siku walipoipasua Agnès alikuwapo, akautazama mguu uliotoka mle kama mtu anavyomtazama mgeni mlangoni: mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka. Goti lilikunjika kidogo, kisha likagoma kama mlango uliovimba kwa maji. Na kazini walishamwambia kwamba kiangazi kikiisha watamtazama tena, ndipo wajue kama wana nafasi kwa ajili yake au hawana.

Zahanati ya Ruashi ilikuwa na muuguzi aliyeitwa Donat, mtu wa Kasai, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Alilishika goti la Edouard kwa mikono miwili, akalikunja mpaka lilipokataa.

"Hii goti inataka kutembea," alisema. "Lakini haitaki bado kubeba mutu."

"Sasa itatembea namna gani bila kubeba mutu, Monsieur Donat?" Agnès aliuliza.

Donat alieleza kwamba mjini, kwenye hospitali kubwa, kuna mashine kama kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli huku kwetu, lakini imesimamishwa chini na haiendi popote. Mgonjwa anakaa juu yake, uzito wote unabebwa na kiti, na goti linabaki na kazi moja tu ya kuzunguka. Tatizo lilikuwa njia. Kutoka Ruashi mpaka mjini, kwa mtu wa magongo, kwenda na kurudi karibu kila siku, kungemwongezea ugonjwa mwingine.

Jumapili, baada ya Misa, habari hiyo ikasimuliwa mezani mbele ya Clément, mdogo wake Edouard kwa upande wa baba mdogo, aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Karavia, upande wa wazungu. Clément aliacha tonge la bukari, ugali wa kwetu, hewani, akamgeukia kaka yake.

"Yaya, mi naijua ile kintu! Iko ku garage ya patron. Bibi yake alikuwa anapanda pale zamani, sababu ya mugongo. Sasa kuku njo banalalaka juu."

Yule mzungu alikuwa anafunga mizigo kurudi kwao kwa uzee, na alipoombwa mashine hiyo alishangaa kwamba kuna mtu anaitaka. Jumamosi iliyofuata Clément akafika Ruashi akisukuma mkokoteni. Juu yake palikuwa na chuma kirefu chenye umbo la kinga lisilokamilika, gurudumu moja zito la chuma, mnyororo, pedali mbili, tandiko la ngozi lililokauka, na vyuma viwili vya kulala chini kama miguu ya kitanda.

Jirani yao, Mama Nkandu, aliacha kufua akaja kusimama kwenye ua, mikono ikichuruzika maji.

"Hii iko nini?"

"Kinga," alisema Clément.

"Gurudumu ya nyuma iko wapi?"

"Haina."

"Bamekuibia?"

"Hapana, mama. Banaitengenezaka vile."

"Sasa inaendaka wapi?"

"Haiendake."

Mama Nkandu alimtazama Agnès kuona kama anataniwa. Agnès hakuwa anasikiliza. Alishachuchumaa, anageuza pedali moja mkononi.

Waliifunga palepale kwenye baraza, Clément akishika spana na Agnès akimpa vipande. Ugomvi wao ulikuwa juu ya mkanda wa ngozi uliopita juu ya lile gurudumu zito na kuishia kwenye skrubu ya kuzungushwa kwa vidole. Clément alisema ni wa kufungia mzigo. Agnès aliukaza akasukuma gurudumu, likasita, akaulegeza, likaenda. Aliukaza na kuulegeza tena, uso ukimng'aa.

"Hii iko mulima," alisema. "Angalia. Ukikaza, unapanda mulima. Ukilegeza, njia iko sawa."

Edouard alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kisanduku.

Clément alitaka kuwa wa kwanza. Baraza lilikuwa limeinamishwa kidogo ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo mguu mmoja wa mashine ulining'inia. Akatia kijiwe chini yake, akapanda. Alianza polepole, kisha watoto wa mtaa walipoanza kushangilia akaongeza mbio. Gurudumu likavuma, mashine ikatikisika, kijiwe kikaruka hadi uani. Clément alishtuka, akafanya kile ambacho kila mwendesha kinga hufanya: aliacha kukanyaga. Lakini pedali hazikuacha. Ziliendelea kuja na nguvu zote za lile gurudumu, zikamtupa mguu mmoja juu, na ule mwingine ulipochomoka pedali ikarudi ikampiga muundi. Alianguka ubavu, mashine ikamlalia. Suruali ilikuwa imeshikwa na mnyororo, wakaichana kumtoa.

Watu walicheka mpaka Mama Nkandu akakaa chini. Agnès naye alicheka, lakini hata kabla hajamaliza alikuwa ameinua mashine na kuzungusha pedali kwa mkono, mbele, kisha nyuma. Ziliporudi nyuma, gurudumu nalo lilirudi nyuma.

"Zimefungwa pamoja," alisema. "Kinga ya njiani, ukiacha kukanyaga, gurudumu inaenda yenyewe na miguu inapumzika. Hii hapana. Hii, gurudumu njo inashika miguu yako."

"Basi iko mubaya," alisema Clément, akifuta damu.

"Iko mubaya kama unataka kuisimamisha kwa nguvu. Unapunguza, unapunguza, mpaka yeye mwenyewe anachoka."

Kesho yake Agnès alitaka ihamishwe ndani, kwenye chumba cha mbele, penye saruji. Alijaza sahani maji akaiweka sakafuni, akawa anaisogeza huku na huku kutazama maji yanakimbilia ukingo upi, mpaka akapata mahali yalipotulia, karibu na dirisha. Chini ya miguu ya chuma akaweka vipande vya mpira wa gari, vile vya kukatia kandambili, ili isiteleze wala kupiga kelele. Halafu akamwita mumewe.

"Hapana," alisema Edouard.

"Sababu ya nini?"

"Mi niko mutu ya treni, Mama Claudine. Nilikuwa naenda mpaka Bukama, naenda mpaka Sakania. Leo bantu bapite ku dirisha baone niko nakanyaga kinga yenye haiende, kama mutoto ya masomo?"

Agnès alishona pazia la dirisha, refu, la kitambaa kizito, akalitundika.

Siku chache baadaye alikwenda foyer social kama kawaida yake. Alipogeuka kona tu, Edouard alifunga mlango na kupanda. Tandiko lilikuwa bado chini, pale Clément alipolifunga bila kufikiri. Naye Edouard, kama wanaume wengi wa kazi ya nguvu, aliamini kwamba dawa isiyouma si dawa. Aliukaza mkanda mpaka mwisho. Goti lilipogoma akalishika kwa mikono miwili akalisukuma, jasho likimtoka, hadi aliposikia kitu ndani kama kitambaa kinachochanika. Akashuka. Hakumwambia mtu.

Agnès aliona tu kwamba ameanza kukaa na blanketi juu ya miguu hata mchana. Ni kweli kiangazi kilikuwa kimeleta baridi, lakini jua la mchana pale dirishani lilitosha kukausha kapenta, dagaa wa huku. Jumapili Edouard alisema hataenda kanisani. Agnès aliliondoa blanketi. Goti lilikuwa limejaa kama boga changa, linawaka moto.

"Ulipanda."

"Nilijaribu."

"Ilikuumiza wakati gani? Mwanzo, ao kisha?"

Edouard alikuwa amejiandaa kwa kelele. Swali hilo lilimkuta hana ngao. "Kila mara goti inakuya juu," alisema. "Ikiwa chini, haina neno. Ikipanda juu, pale njo moto."

Agnès akamwacha, akaenda kwenye mashine. Alijifunga vizuri kitenge chake, akakipitisha katikati ya miguu na kukichomeka kiunoni kama wanawake wanavyofanya wakiwa mtoni, akapanda. Pedali ilipopanda, goti lake lilikaribia kifua. Alibaki hapo akilitazama. Kisha akashuka, akatafuta spana.

Donat alipita jioni. Alilipapasa goti, akasema hakuna kilichovunjika, ila limekasirika na linahitaji kupumzika: kitambaa cha maji baridi, mguu juu, na mashine isiguswe mpaka uvimbe ushuke. Hakumgombeza Edouard. Alimgeukia Agnès aliyekuwa bado na spana mkononi.

"Ulipandisha kiti?"

"Nilipandisha, nikateremusha, nikapandisha. Mwanzo goti yake ilikuwa inakunjwa sana pale juu. Lakini nikipandisha kiti sana, mbavu zinacheza, kiuno kinatafuta pedali. Sijue mahali ya kusimama."

Donat alifikiri. "Ku hospitali bananiambia hivi: mutu akae, aweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Muguu unapashwa kunyooka bila kiuno kuinama. Kisha anarudisha unyayo mahali yake, na pale goti inabakia na kamukunjo kadogo."

"Kumbe kisigino," Agnès alisema taratibu, kama mtu aliyepewa andazi la moto. Alipanda palepale kujaribu, Donat akishika mashine. Waliulizana na kujibizana mpaka mwanga ukapungua chumbani: kwa nini kisigino, kwa nini si mguu mzima, na mtu ambaye mguu wake mmoja haunyooki afanyeje? Hilo la mwisho Donat alisema hajawahi kuliwazia. Wakakubaliana waweke tandiko juu zaidi kidogo kwa Edouard, na kadiri goti litakavyofunguka wawe wanaliteremsha, uzi kwa uzi. Mkanda Donat aliulegeza hadi ukalala tu juu ya gurudumu. "Mulima iko ya kisha," alisema. "Sasa tunatafuta njia tu."

Uvimbe uliposhuka Edouard akakubali, kwa sharti la pazia. Mwanzoni goti halikuweza kuvuka juu. Pedali ilipanda, ikafika mahali ikagoma. Na hapa lile jambo lililomwangusha Clément likawa msaada: kwa kuwa gurudumu na miguu vilifungwa pamoja, Edouard aliweza kupeleka pedali mbele mpaka palipomzuia, kisha kuirudisha nyuma mpaka palipomzuia upande wa pili, mbele na nyuma, kama mtu anayebembeleza mtoto. Krrr, kimya. Krrr, kimya. Agnès alikuwa amempa amri moja: aache wakati bado ana hamu ya kuendelea. Na kwenye dirisha kila mara palikuwa na kikombe cha munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi.

Jambo moja liliwashtua. Mchana mmoja, Edouard akiwa juu ya tandiko, kuku wa Mama Nkandu aliingia akifuata punje sakafuni, akatia kichwa karibu na gurudumu. Mashine ilitoa sauti mbaya, manyoya yakajaa chumbani, na kuku akatoka mbio, mkia umepungua nusu, akipiga kelele za kuita ukoo mzima. Edouard alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Mama Nkandu hakucheka. Lakini Agnès alisimama akayatazama yale manyoya kwenye mnyororo, akawaza vidole vya Claudine wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea na aliyependa kushika kila kinachozunguka. Kabla jua halijazama alikuwa ameshashona kifuniko cha gunia nene, chenye kamba za kufunga, kilichoficha mnyororo na gurudumu pande zote mbili. Na mashine isipotumika, mkanda ulikazwa mpaka mwisho ili pedali isizunguke kwa mkono wa mtoto.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Agnès alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo, sikio lake liko ndani bila yeye kujua. Krrr, kimya. Krrr, kimya. Krrr… na kimya hakikuja. Sauti iliendelea, nyembamba, haikatiki, kama cherehani inaposhona upindo mrefu. Mkono wake ulisimama ndani ya maharage. Aliogopa kuinuka, asije akaikata.

Ilipokufa yenyewe, taratibu, ndipo akaingia. Edouard alikuwa amekaa juu ya tandiko, mkono mmoja kwenye dirisha, anapumua.

"Imepita," alisema.

"Imepita wapi?"

"Juu. Imepita juu, Mama Claudine." Akalishika goti lake kama analishukuru. "Sikuisukuma. Nilikuwa nawaza mambo ingine, mi nasikia tu imepita."

Agnès alisogea akaweka kiganja juu ya goti. Lilikuwa na joto la kawaida, joto la mtu. Akamfuta jasho kwa pindo la kitenge.

"Nipande tena?" Edouard aliuliza.

"Kesho."

Kiangazi kilipoisha, majani ya miti ya msituni yakaanza kutoka mekundu, Edouard aliitwa kazini. Daktari alilikunja goti, akamtembeza, akampandisha ngazi. Alimsifu, na halafu akamwambia ukweli: goti limerudi vizuri, lakini si la kuruka kutoka kwenye behewa linalokwenda. Walimpa kazi ya taa na ishara kwenye uwanja wa treni. Aliporudi nyumbani alivua viatu akakaa kitandani na koti lake.

Agnès alimletea chakula, hakukigusa.

"Treni itapita," alisema Edouard mwishowe, "na mi nitabakia."

Agnès alikaa karibu naye. Hakumwambia ashukuru Mungu, ingawa mwenyewe alikuwa ameshashukuru njia nzima akimsubiri. "Pale utasimama," alisema, "utakuwa unaona treni yote?"

"Yote. Tokea kichwa mpaka mukia."

"Na zamani, ukiwa juu ya behewa, ulikuwa unaona nini?"

Edouard alifikiri. "Mugongo ya behewa ya mbele. Na moshi." Kisha, bila kupenda, akacheka kidogo. "Moshi mingi." Akavuta sahani. Huzuni haikumwisha siku ile, wala mwezi ule. Treni ya Bukama ikipiga filimbi alikuwa akinyamaza katikati ya neno. Lakini alikwenda kazini kwa miguu yake, bila gongo, na alikuwa na kazi.

Mashine haikurudi kulaliwa na kuku. Donat aliuliza kama watu wake wengine wangeweza kuja: mama aliyevunjika nyonga, kijana wa mgodini aliyekatwa plasta. Edouard alikubali, pazia lilikuwa limeshasahauliwa, limefungwa pembeni kwa utepe. Na ikawa ni Agnès anayewapokea. Anamwambia mtu aweke kisigino, anapandisha tandiko, anakunja suruali kwa kamba, anaondoa kitenge kinachoning'inia, anatazama. Tena anaongea nao. Aligundua, kwa kujipandisha mwenyewe na kujisikiliza, kwamba mtu akienda kwa kipimo chake anaweza kusimulia habari. Akivuka kipimo, maneno yanakatika. Basi akawa anawasimulisha. Maneno yakikatika, anasema, "Punguza."

Siku moja alikuja Mzee Anaclet, seremala, bila kutumwa na Donat. Alikuwa mnene, amevaa tai, na alisema miguu yake imezeeka, anataka kuikaza kwenye ile kinga. Agnès alikwisha kushika spana. Kisha akamtazama usoni, kwa kuwa hiyo ilikuwa desturi yake, akaona midomo ina rangi asiyoipenda.

"Tata, ukitoka ku soko unapanda hii barabara, kifua inafanyaka nini?"

"Inafungaka kidogo. Kama mutu ananishika hapa." Mzee alijigusa katikati ya kifua. "Inanishika mpaka mu mukono. Nikisimama, inaniacha."

Agnès aliiweka spana chini. "Leo hautapanda, tata."

"Namna gani? Nimevuka mitaa yote kuya hapa!"

"Hautapanda. Kaa kwanza. Kunywa maji. Kisha tutaenda wote kwa Monsieur Donat."

Mzee Anaclet aliwaka. Alisema ana umri wa kuwa baba yake, kwamba amejenga nusu ya milango ya Ruashi, kwamba mwanamke hawezi kumkataza kiti. Agnès hakuwa na mazoea ya kumkatalia mtu mzima, lakini alisimama kati yake na mashine. "Hasira yako, tata, nitaibeba," alisema. "Hii nyingine siwezi kuibeba." Wakaenda, polepole, wakipumzika kila penye kivuli, mzee akinung'unika njia yote. Donat alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu, na kabla ya adhuhuri Anaclet alikuwa kwenye gari la kwenda mjini. Ulikuwa moyo. Walimlaza, na alipona kadiri moyo unavyoweza kupona.

Mvua zilikuwa zimerudi alipokuja tena Ruashi, amepungua, tai inamcheza shingoni. Kwapani alibeba kigoda cha mninga, kifupi, chenye ngazi moja, kingo zake zimelainishwa vizuri.

"Hii ya kupandia," alisema, akikiweka kando ya mashine bila kumtazama Agnès. "Bantu bako banarukaka kama mbuzi. Siku moja mumoja ataanguka."

Daktari wa mjini na Donat walikuwa wamemruhusu: mkanda umelegea kabisa, muda mfupi, na aache kifua kikisema neno lolote. Agnès alimpandisha kwa kigoda, akaangalia kisigino, akakaa mbele yake kwenye kiti. Donat, aliyekuja makusudi, alisimama dirishani.

"Simulia, tata," alisema Agnès.

Mzee akaanza kusimulia jinsi ya kuutambua mti wenye moyo mbovu kabla ya kuuangusha, na gurudumu likazunguka taratibu ndani ya gunia lake. Agnès alimsikiliza, akimtazama mshipa wa shingoni ukipiga, sasa haraka kidogo, sasa haraka zaidi.

"Monsieur Donat," alisema, "moyo iko kule juu. Inajuaje kama miguu inatembea?"

Donat alisema ni damu; miguu inaomba damu.

"Inaomba na mudomo gani?"

Donat alikuna kidevu. Mzee Anaclet naye alinyamaza kusikia jibu, pedali zikaendelea.

"Sijue, Mama Claudine," alisema Donat. "Nitauliza daktari."

"Uliza," alisema Agnès. "Na ukiwa kule, umuulize tena sababu gani ukilala inapunguza." Kisha akamgeukia mzee. "Tata, umenyamaza. Mti wenye moyo mbovu unalia namna gani ukiupiga?"